Viatu vya Baba Mlangoni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima, na wa nyumbani wote ni wazima, isipokuwa mkwe wako ambaye jino linamsumbua na anaugulia kana kwamba ndiye wa kwanza duniani kuumwa jino. Je, wewe hali yako? Goti linakubali ngazi? Na kile kikohozi ulichokipata kwenye unga wa kiwanda cha mikate, umekwenda kukionyesha hospitali au bado unakidanganya kwa maji moto? Usinijibu kwa simu kwamba hujambo. Kwenye simu wewe hujambo siku zote. Ndiyo maana nimeamua kuandika, unisome bila kunikatiza.

Mama anakusalimu. Alisema tu, "Mwambie namsalimu," kisha akatoka jikoni mara mbili kuuliza kama nimeshaandika. Wajukuu nao wanakuulizia. Yule mdogo bado anacheka jinsi ulivyokuja mara ya mwisho ukakaa ukingoni mwa kochi, viatu miguuni, kofia gotini, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Aliniuliza kwa nini Babu havui viatu kama watu wengine. Nikamwambia Babu ana haraka. Ni jibu nililopewa mimi nikiwa na umri wake.

Sasa habari za kazini. Unajua niko ofisi ya ustawi wa jamii, kitengo cha nyumba za ruzuku, zile ambazo akina mama wanaolea watoto peke yao hupangishwa kwa bei nafuu, kama ile tuliyokulia sisi. Sharti ni lile lile la zamani: mwanamume mzima asiishi humo. Akionekana, mama anaambiwa ahame. Na kwa kuwa hakuna mama atakayekiri, sisi wakaguzi tumefundishwa kuangalia viatu. Unafika bila taarifa, unapiga hodi, na kabla hujaitikiwa karibu macho yameshashuka kizingitini. Kiatu cha kiume ni ushahidi. Miaka yote hii nimekula mshahara kwa kuinamisha kichwa.

Majuzi mwenzangu mmoja, tunayemwita Darubini kwa kuwa hakuna asichokiona, alirudi ofisini akihema. Akaripoti kwamba amegundua mama anayeishi na wanaume wasiopungua ishirini. Mkurugenzi wetu, mama mkali asiyecheka ovyo, alimwuliza wanalalaje, wanapangwa rafuni? Darubini akaapa kwamba viatu ameviona kwa macho yake, vya kila namba, kuanzia mlangoni hadi chini ya meza. Kumbe yule mama ni fundi viatu. Darubini kwa pupa yake alihesabu viatu tu, nyundo hakuiona. Tulicheka mpaka mhasibu akaja kuuliza kuna sherehe gani.

Nikatumwa mimi kwenda kurekebisha. Chumba cha mbele ni kidogo, kinanukia gundi na ngozi, na dirisha lake limebanwa wazi kwa kipande cha soli. Kila pea imeandikwa chaki chini, alama ya mteja, visije vikachanganyika. Nilikaa kwenye stuli nikaongea na fundi huku akishona, na binti yake, mtoto wa darasa la pili hivi, akipiga rangi viatu vya watu. Mara akashika buti za kazi, zimechakaa, zina madoa ya rangi za nyumba. Hizo alizisugua polepole, akazipangusa kwa upindo wa gauni lake, akaziweka kando ya mguu wake. Soli zake hazikuwa na chaki. Nikauliza ni za mteja gani. Mtoto akamtazama mama yake, na sindano ya mama ikasimama hewani.

Ndipo nikaelewa kwamba mtu akitaka kuficha viatu vya mumewe, hapana mahali pazuri kama katikati ya viatu.

Fundi hakunidanganya. Alisema ndiyo, ni za mumewe, wameoana kwa ndoa ya halali, naye anapaka rangi majumba ya watu. Akipata kazi wanakula, asipopata wanangoja, lakini kodi ya mitaa mingine hawaiwezi. Basi huingia na kutoka kwa kunyata kama mwizi kwa mkewe mwenyewe. Nikamwuliza mtoto, kwa mazoea ya kazi, baba yako yuko wapi? Akanijibu palepale, bila kigugumizi, kwamba yeye hana baba. Na mkono wake uko juu ya zile buti! Moyo uliniuma, Baba, nikaaga bila kuandika neno.

Unanijua. Mimi ni mtu wa kizamani, ofisini wananitania hivyo na sikasiriki. Naamini mtoto anahitaji baba na mama chini ya paa moja, na kwamba hakuna ofisi, hata ikiwa na viyoyozi, itakayofanya kazi hiyo badala yao. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini nilipokuwa nikirudi nilijiuliza sisi tunafanya nini. Tunamtoa baba kwa mlango wa mbele, halafu tunaandaa semina ya kushangaa kwa nini akina baba wa siku hizi hawakai nyumbani.

Jioni ile nilimsimulia Mama, nikidhani namchekesha kwa habari za Darubini. Alichonijibu nitakiandika chini.

Kesho yake nilimwambia Mkurugenzi ukweli wote: mume yupo, na mimi sitamtoa mpaka tuzungumze kuhusu sharti lenyewe. Alinipa vidonge vyangu, nikavimeza. Alisema nikumbuke kwamba kazi yangu nayo ina mlango. Hata hivyo aliitisha kikao.

Nisimsingizie, hoja yake ilikuwa na uzito. Alieleza kwamba dada yake alikaa miaka na mume wa ngumi kwa sababu nyumba ilikuwa ya mume na yeye hakuwa na pa kwenda. Kwake sharti lile ni ukuta uliojengwa ili mwanamke apumue, na mimi naja na nyundo yangu ya mila. Ilibidi nikubali kwamba baba wa ngumi hapaswi kukaa na mtu. Nikasema nyumba na ibaki kwa jina la mama, na anayempiga mkewe atoke siku hiyo hiyo. Lakini tusimwadhibu anayelea kwa makosa ya anayepiga. Mama anayelea peke yake aendelee kusaidiwa, ana mzigo tosha, ila asiambiwe kwamba ili asaidiwe ni lazima awe peke yake. Kisha nikasema neno moja la kwetu, nitakwambia sasa hivi ni lipi. Aliyeniunga mkono wa kwanza ni Darubini. Alisema amechoka kunusa viatu vya watu, na kwamba mkewe mwenyewe humwuliza akirudi kama amekwisha kuvunja ndoa ngapi.

Basi wamekubali kujaribu. Kwa mwaka mmoja, katika mtaa ule wa fundi, baba aliyeoa ataruhusiwa kuishi na wanawe na ruzuku itabaki. Si ushindi mkubwa, mtaa ni mmoja tu, na Mkurugenzi ameniahidi kunifuata nyuma unyo kwa unyo. Lakini juzi nilipita pale, nikakuta buti za madoa ziko nje, kizingitini, na mwenyewe ndani anakoroma mchana kweupe. Mtoto aliweka kidole mdomoni mwake, akaniambia nisipige kelele, baba yake amelala.

Sasa hilo neno la kwetu, Baba.

Nilipomsimulia Mama juu ya buti zile, alikuwa anakunja nguo. Aliacha, akakaa. Akaniambia, "Baba yenu hakutuacha. Alitolewa, na mimi nilikubali." Akanieleza kwamba mlipopewa nyumba ile ndipo ulipohamia chumba cha nyuma cha kiwanda. Kwamba ulituletea mkate kila asubuhi ukasimama mlangoni huku viatu viko miguuni, kwa sababu viatu vilivyovuliwa ndivyo vilivyotafutwa. Nilimwuliza kwa nini hamkuniambia. Akasema mimi ndiye niliyekuwa kasuku wa nyumba, kuniambia kungekuwa kumwaga mtama kwenye kuku wengi.

Namkumbuka yule mkaguzi wa mwavuli aliyekuja kwetu nikiwa mdogo. Aliponiuliza, nilimjibu kwa sauti ya juu kwamba baba yetu hakai na sisi, yeye hatutaki. Akanisifu kwa kusema kweli. Nimekaa na kweli hiyo nikiamini hukutupenda, nikakuheshimu kwa mbali kama jirani. Na wewe uliniacha niamini hivyo ili nilale mahali pasipovuja. Hilo ndilo nililowaambia kikaoni: kwamba binti wa baba asiyevua viatu ni mimi.

Mama anasema mlidhani ni kwa muda tu. Watoto tukakua, sharti likawa halituhusu tena, lakini mlikuwa mmekwisha kuzoea, na kila mmoja alimwonea haya mwenzake kuanza kusema. Basi mimi kasuku nasema. Chumba cha uani tumekipaka rangi, unajua fundi wake ni nani. Mkwe wako atakuja Jumamosi na gari la rafiki yake, jino likimruhusu. Usibishe, mizigo yako haijazi hata nusu ya gari.

Nisalimie wenzako wa kiwandani. Wajukuu wanakuamkia, na mume wangu pia, kwa shavu moja.

Nilitaka kufunga bahasha, Mama akanizuia niongeze jambo. Alikwenda kwa yule fundi viatu akaagiza utengenezewe makubazi. Nilimwuliza namba ya mguu wako aliipata wapi, akaniangalia kama mjinga. Ameyaweka mlangoni, kwa nje, watu wote wanayaona.

Njoo uvue viatu, Baba.

Ni mimi binti yako,
Kasuku