Upande Wenye Taa

Jumatatu, 3 Juni

Nimebandika tinti kwenye dirisha la karakana yangu ya vioo, ile inayong'aa kama kioo cha kujitazamia. Mchana walio nje wanajiona wenyewe, mimi ndani nawaona wote. Leo mmoja kachokoa meno mbele ya pua yangu — kinywa wazi! Wateja nimewaambia jua kali. Uongo. Nataka kumtazama binti yangu bila yeye kujua. Anashona ng'ambo ya barabara, kwa fundi cherehani. Tangu nimwite mumewe mzururaji mbele ya wakwe, hanisemeshi.

Jumatano, 5 Juni

Nimepima tangi la samaki la daktari wa meno. Rula ya chuma ikazama. Nikatia mkono — nikaikosa! Maji hupinda mwanga, kitu kinaonekana juu kuliko kilipo. Najua, na bado nadanganyika. Daktari akacheka, eti fundi umezeeka.

Binti kavaa gauni pana. Ana mimba! Hakuna aliyeniambia. Imeniuma sana. Chakula kimenishinda.

Alhamisi, 6 Juni

Jioni nikiwasha taa, dirisha linageuka: najiona mimi tu. Afadhali, nafanya mazoezi. “Mwanangu, nilikosea.” Sura ngumu mno. Nikavua kofia, nikarudia. Nikapiga hata magoti — mzee mzima! Nikajicheka, kisha nikalia. Hakuna wa kuniona.

Ijumaa, 7 Juni

Mazoezi tena. Magoti yanauma.

Jumamosi, 8 Juni

Mama wa saluni kaja kuulizia tinti: itamficha hata jioni? Nikamjibu kama kasuku. Upande wenye mwanga mwingi hujiona, upande wenye giza ndio unaoona. Ukiwasha taa usiku, mama, barabara nzima inakutazama.

Akaenda zake. Nikabaki na rula mkononi. Barabara nzima! Kofia, magoti, machozi — yote! Na mimi ndiye fundi vioo. Mganga hajigangi.

Jumatatu, 10 Juni

Giza limeingia. Sijawasha taa, naona aibu. Naandika kwa mwanga wa taa ya barabarani. Fundi cherehani kafunga.

Binti anavuka barabara. Anakuja huku!

Kasimama mbele ya dirisha, mkono tumboni. Hanioni. Anajiona mwenyewe, lakini hajitazami. Anasubiri.

Kagonga kioo kwa kidole.

Anasema, baba, leo mbona huwashi taa?

Swichi iko pale mlangoni. Navua kofia kwanza.