Do-mi-la ya mwalimu

Mwenzangu, nimetoka mazoezi ya kwaya sasa hivi, nina hasira hizo!

Mwalimu wa kinanda kaniambia nipige la-do-mi, ile kodi ya huzuni, noti tatu zinazopigwa kwa pamoja. Mimi nikaigeuza, nikaanzia do: do-mi-la. Noti ni zilezile tatu! Wiki nzima nimejifunza kuzigeuza mpaka vidole vimekufa ganzi.

Akanifokea mbele ya kwaya nzima: "Umekosea! Nani kakufundisha upuuzi huo?"

Nani kanifundisha? Si ni yeye mwenyewe! Jumanne iliyopita!

Akaniondoa kitini, akakaa yeye. Akapiga do-mi-la. Do-mi-la, nakwambia! Kwaya ikampigia makofi.

Akanigeukia: "Umeona tofauti?"

Na mimi, na mdomo wangu wote huu, nikajibu: "Nimeona, mwalimu."