Bawa Lililokunjamana

Umoja, Jumanne, Aprili 1981

Ningengoja tu mabawa ya yule kipepeo yakauke, aruke, basi. Lakini kipepeo aliye hai hatulii nimchore, na yule mwenye duka mjini anataka picha Ijumaa.

Mke wangu Wambui amemlea tangu akiwa kiwavi, kwenye mlimau wetu mdogo ulio ndani ya debe pale mlangoni. Hata maji ya kufulia alikuwa akiyamwaga mbali. Leo asubuhi, kabla ya kwenda soko la Gikomba kuuza nguo zake, aliniita: "Baba Njeri, kuja uone! Ametoka!" Ncha ya bawa moja ilikuwa imekunjamana kwa kubanwa na ukingo wa debe.

Alipoondoka tu, nilimfinya kipepeo kifua kwa vidole viwili mpaka akatulia, kama ninavyowafanya wote. Nikamchoma pini, nikamchora juu ya ua la mlimau.

Jioni Wambui akaniuliza, "Aliruka?"

"Aliruka vizuri sana." Nikanyoosha kidole upande wa barabara. Alifurahi, hata akaniongezea nyama.

Mimi sijui kuchora nisichokiona. Nikiona doa, naweka doa. Watu hunisifu kwa hilo, na leo ndilo...

Baada ya kula alileta taa aione picha. Akainama, akatabasamu, halafu akaganda kwenye ile ncha iliyokunjamana.

"Kumbe hakwenda mbali," akasema.

Akaniachia taa, akaenda kulala. Afadhali angenitukana.