Kwetukule, Mji wa Mikono

Jumanne, tarehe 4 mwezi wa tano

Imla za darasa la nne, rundo zima. Nusu ya watoto wameandika "mayi" badala ya "maji". Nimesahihisha kwa wino mwekundu, ingawa mimi mwenyewe nasema mayi tangu nizaliwe.

Tata, baba yangu, yuko barazani anagonga bati. Anatengeneza mbabula, majiko ya kupikia kwa makala, mkaa wa huku, na hasikii nyundo yake mwenyewe. Majirani wanaisikia kwa niaba yake. Mama Ngoie wa nyumba ya pili alimpigia kelele anyamaze, kisha akakumbuka. Kila siku anapiga kelele, kila siku anakumbuka.

Jioni dada yangu pacha, Kabanga, alileta samaki wakavu. Tulikula bukari, ugali wetu, sisi watatu, tukaenda Kwetukule.

Sijawahi kuandika habari za Kwetukule. Leo naandika, sijui kwa nini. Nina miaka ishirini na sita, ni mwalimu, na bado naenda kwenye mji ambao haupo. Sioni haya. Ila sijamwambia mtu.

Tulikuwa na miaka tisa baruti ya mgodini ilipozima masikio ya Tata. Alirudi kutoka hospitali akakaa kitini, akawa anatutazama midomo. Watu wakaacha kumsemesha. Kabanga ndiye aliyeanza. Alimchorea kwa vidole mji ambako kila mtu anasema kwa mikono na sauti haina kazi. Tata akacheka. Alikuwa hajacheka tangu ajali. Basi tukaendelea kujenga. Sokoni Kwetukule kuna mama anauza usingizi kwa kopo. Treni inasimama popote mtu anapoinua kidole. King'ora cha mgodi hakuna. Watu hawawezi kugombana gizani, lazima wawashe taa kwanza, na taa ikishawaka hasira imeshapungua. Salamu ni kiganja kifuani, kisha kiganja wazi kwa mwenzako, na haiachwi bila jibu. Msemaji mkuu wa mji ni Tata. Watu wanatoka mbali kuja kumtazama akisema.

Miji ya hadithi ina dhahabu na majumba. Sisi tulijenga mji ambao Tata hakosi kitu. Ndiyo maana siwezi kuuacha.

Jumamosi, tarehe 8

Salongo asubuhi, kazi ya lazima ya mtaa. Tulizibua mfereji wa barabara yetu, mimi na koleo la Tata. Mgongo unauma.

Kabanga alikuja mchana. Ofisini kwao ndiye kiongozi wa animasyo, kikundi cha kuimba na kucheza sifa za Guide, Rais wetu. Mkubwa wake, sitwayeni Muteba, yaani raia Muteba, kama tunavyoitana siku hizi, anataka mchezo mpya kabisa. Wageni wakubwa wanatoka Lubumbashi. Mchezo ukipendeza, kikundi kitapelekwa Kinshasa.

Hatukuzungumza sana juu ya hayo. Alitaka Kwetukule. Mama wa usingizi alikuwa anavaa nini? Mvua ilikuwa inaombwa kwa ishara gani? Tata akihutubia, anaanzaje? Nilimwambia yote, na mengine nikayaongeza hapo hapo. Nilifurahi. Niliona amechoka na kazi ya kupiga makofi, anatafuta njia ya kurudi nyumbani.

Jumatano, tarehe 12

Darasani niliweka kitabu pembeni. Nikawaambia watoto: kila mmoja anieleze nchi ambayo haiko kwenye ramani.

Mmoja alisema nchi yenye mkate mashuleni. Mwingine, nchi ambako mito inapanda mlima, ili watu wa bondeni wapumzike kubeba ndoo. Msichana wa nyuma, mnyonge, hasemi kamwe, alisimama. Nchi yake ni chumba kimoja tu. Ndani mna bibi yake anamenya karanga. Basi. Alikaa. Hakuna aliyecheka.

Nimetembea hadi nyumbani nikiwaza. Nilidhani watoto watataka pikipiki na ndege. Wachache walitaka. Wengi walitengeneza nchi nzima ili waweke mtu mmoja ndani yake. Nadhani hiyo ndiyo ladha ya nchi hizi. Si lazima ziwe nzuri kuliko Kolwezi, mji wetu. Zinamrudishia mtu nafasi aliyonyang'anywa.

Jumapili, tarehe 16

Baada ya misa nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo. Binti wa Mama Ngoie, anayecheza kwenye kikundi cha Kabanga, alipita anaimba. Nikasikia neno. Mchi ukasimama mkononi.

Kwetukule.

Nilimwuliza wimbo ametoa wapi. "Kwa mama Kabanga. Njo mchezo yetu ya mupya."

Nilienda kwa Kabanga bila kunawa mikono. Alikuwa anasuka nywele. Hakushtuka. Alisema amechukua jina tu, ni jina tamu, linaimbika. Nikauliza: na Tata? Aliniangalia machoni, akaniita yaya, dada mkubwa, kwa kuwa mimi nilitangulia kuzaliwa.

"Tata haiko mule ndani, yaya. Mi namugusa Tata? Mi?"

Nimemwamini. Naandika hapa kwamba nimemwamini.

Alhamisi, tarehe 20

Kabanga amempa Tata kiti karibu kabisa na jukwaa. Amemwambia kwa mikono, nimeona mwenyewe: mji wetu, watu wote watauona, njoo. Tata ameniagiza nipige pasi suti yake ya kola fupi. Amepaka viatu rangi. Jioni kavipaka tena.

Jumapili, tarehe 23

Nitaandika taratibu.

Uwanja ulijaa. Bendera, vumbi, baridi kidogo. Wageni kivulini. Tata mstari wa pili, nyuma ya sitwayeni Muteba, mgongo wima. Mimi pembeni yake.

Nyimbo za kawaida kwanza. Kisha Kabanga akatoka mbele na kipaza sauti. Akatangaza: palikuwa na mji wa watu wasiosikia, mji wa ujinga, jina lake Kwetukule.

Wakaingia wachezaji wakipapasa hewa. Watu wakaanza kucheka. Nilitazama vizuri. Hawakuwa wanapapasa. Zilikuwa ishara zetu zenyewe. Mvua. Mkate. Mtoto wangu. Mama wa usingizi akapita anayumba kama mlevi. Halafu akaingia mkuu wa mji, kijana aliyepakwa unga kichwani awe mzee, amevaa kopo kila sikio, ana nyundo, anahutubia mabati. Anaanza hotuba kama Tata anavyoanza, mikono miwili inapanda polepole kutoka magotini. Hilo nilimwonyesha mimi. Jumamosi ile, kwenye kitanda changu.

Uwanja mzima ulipasuka kwa kicheko.

Kisha sauti ya Guide ikatoka kwenye spika. Masikio ya Kwetukule yakafunguka, watu wakatupa mikono chini, wakaimba Zaïre yetu. Mzee wa makopo peke yake hakusikia. Wasichana wakamvuta masikio, wakamzungusha, mpaka naye akaimba. Makofi. Wageni walisimama.

Sikuweza kumtazama Tata. Nilitazama viatu vyake.

Viatu viliondoka. Tata alikuwa amesimama. Alitembea mpaka mbele ya jukwaa, kila mtu anamwona. Akaweka kiganja kifuani. Akakifungua kwa Kabanga.

Salamu. Hiyo tu.

Watu walidhani ni sehemu ya mchezo. Wakacheka zaidi, wengine wakamwigiza. Kabanga alikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Alimwona. Mkono mmoja ulikuwa na kipaza sauti, mwingine haukuwa na kitu. Haukuinuka. Alitabasamu kwa wageni akaanzisha wimbo mwingine.

Tata alingoja. Aliacha kiganja wazi muda mrefu. Mimi ndiye niliyekwenda kumshika mkono tukatoka.

Pacha wangu ni mwongo. Tulilala tumbo moja. Mwongo.

Jumatatu, tarehe 24

Nyundo haijalia leo. Mama Ngoie amekuja kuuliza kama Tata ni mgonjwa.

Jumanne, tarehe 25

Mwalimu mwenzangu aliniambia mchezo wa dada yangu ulikuwa mzuri sana. Nilisema asante. Nikarudi kusahihisha imla.

Alhamisi, tarehe 27

Kabanga alikuja. Kitenge kipya chenye picha ya Guide, mfuko wa mchele. Tata alikuwa kwa muuza bati.

Sikumkaribisha kiti. Alikaa.

"Banatupeleka Kinshasa, yaya."

Nikamwambia: ulisema Tata hayumo.

"Ningesema nini? Ungenifungia mulango. Muteba alikuwa ananikaza, anataka kitu ya kuchekesha. Sina kitu ingine ya kuchekesha."

Nikamwambia Tata hachekeshi.

Hapo alikasirika. Kabanga akikasirika sauti inashuka. "Kwako hachekeshi. We ulikuwa ku masomo kwa ba masista. Mi njo nilikuwa namupeleka ku soko. Mi njo nilikuwa nasikia vile banamucheka, kila siku, na yeye hasikie. Nilisikia kwa masikio yake na yangu. Ile kicheko nilisha kuilipa, yaya. Safari hii inilipe na mie."

Najua ni kweli kwamba mimi nilisomeshwa na yeye akabaki. Najua alisimama sokoni na kicheko kile akiwa mtoto. Lakini nilimwuliza jambo moja. Kwa nini hukumjibu?

Akasema wageni walikuwa wanaangalia.

Nilimrudishia mchele. Nilimwambia aondoke kabla Tata hajarudi. Aliondoka. Nilitaka ageuke nimfukuze mara ya pili. Hakugeuka.

Jumamosi, tarehe 5 mwezi wa sita

Kikundi kimeondoka kwa treni. Kitapita Lubudi, kitapita kote huko kikicheza Kwetukule kila kituo. Nilisikia ngoma za kuwaaga kutoka hapa. Sikwenda.

Jumanne, tarehe 8

Sasa nimeona uharibifu wenyewe.

Tata alikwenda kununua misumari. Watoto wa barabarani wakamfuata wakirusha vidole. Mvua! Mkate! Mtoto wangu! "Tata Kwetukule! Tata Kwetukule!" Wanazijua zote. Wimbo wa Kabanga umewafundisha. Wawili ni wa darasa langu. Muuza misumari naye alimwonyesha ishara ya usingizi, akicheka. Si mtu mbaya.

Zamani walimcheka kwa kuwa hawakumwelewa. Sasa wanamcheka kwa maneno yake mwenyewe.

Amerudi na mikono mifukoni. Wakati wa kula aliitoa kuchukua bukari, akairudisha. Nilimwuliza kama anataka mboga zaidi. Aliitikia kwa kichwa. Kwa kichwa tu, ndani ya nyumba yake, mlango umefungwa.

Namchukia Kabanga. Nimeandika. Nimelisoma neno nililoandika, halijaniuma.

Ijumaa, tarehe 11

Nimewaadhibu wale watoto wawili. Kisha nikajiona mjinga. Wao waliupenda mji. Walisema ni mchezo mzuri kuliko yote waliyowahi kuona, wakaniuliza kama kuna sehemu nyingine.

Jumatatu, tarehe 14

Nilijaribu kwenda Kwetukule peke yangu, nikiwa natembea kurudi kutoka shule. Nilifika sokoni. Mama wa usingizi alikuwa anayumba kama mlevi. Siwezi tena kumwona anavyosimama wima.

Huo ndio wizi wenyewe. Jina nisingelijali.

Alhamisi, tarehe 17

Tata bado kimya. Mikono mifukoni. Leo nimepika chakula anachokipenda, nimemwekea na munkoyo, kinywaji cha mahindi. Alikula. Alinipiga bega. Akaenda kulala jua likiwa bado liko juu.

Jumapili, tarehe 20

Baridi kali asubuhi. Majani ya uani yalikuwa na umande mweupe ulioganda. Sikwenda misa.

Nilimkuta Tata jikoni anachoma viazi vitamu. Mikono ilikuwa nje. Alinionyesha sufuria ya maji, akafanya ishara ambayo siijui. Nilifikiri amekosea. Akarudia. Si ile ya zamani ya maji. Hii ni mpya, ndogo, vidole viwili chini ya kidevu.

Nikaifanya. Akakubali.

Akachukua chumvi, akanipa ishara mpya ya chumvi. Kisha moto. Kisha kiti. Nilielewa anafanya nini. Anabadilisha yote, neno moja moja, ili barabara isiyajue. Ni kazi ya miaka. Ana miaka sitini na mgongo mbovu, na ameanza na sufuria.

Tulikaa kwenye mbabula mpaka makala yakawa majivu. Tumefanya vitu vya jikoni karibu vyote. Jina langu pia ni jipya, kidole kwenye nyusi. Sijui maana yake, amekataa kuniambia, alitabasamu.

Mwisho nilimwuliza kwa midomo, polepole: na Kabanga?

Alifanya jina la Kabanga. Lile lile la zamani, vidole vikigusa shavu la kushoto.

Nilidhani hakunielewa. Nikamwuliza tena.

Akafanya vile vile, kisha akageuza kiazi upande wa pili kisiungue.

Mimi ningelibadilisha. Sijamwambia.

Viazi vilikuwa vitamu. Tumekula viwili, cha tatu tumekiacha kwenye sahani, pale anapokaa Kabanga.