Maji Yasifike Kwenye Magimbi

Tunduma,
Jumatano.

Mdogo wangu Lwitiko,

Salamu zangu zikukute mzima hapo nyumbani Ileje, wewe na wifi yangu Roda na watoto wote. Sisi huku tunaendelea kwa neema ya Mungu. Baba anakula vizuri. Mkono wa kulia una nguvu, ila ule wa kushoto haujaamka tangu kiharusi kimpate. Maneno yanamtoka machache, na chai isiyo na sukari bado anaikataa na kunitazama kana kwamba nimemwibia.

Najua unashangaa kupata barua wakati simu unayo. Nimempa jirani yangu Hezron akuletee mkononi, maana anakuja huko kuchukua maharage. Haya ninayoandika si ya simu, na wewe una tabia ya kujibu kabla mtu hajamaliza kusema. Kabla hujaendelea nakuomba kitu kimoja. Lile katapila la kuchimba bwawa la samaki pale bondeni, mwambie mwenyewe asilishushe mpaka uwe umesoma barua hii hadi mwisho.

Binti yangu Angel alipokwenda chuo Mbeya aliniachia laptopu yake ya zamani ili nitunzie hesabu za duka. Hesabu sikuzitunza sana. Ndani yake kulikuwa na gemu la kujenga kijiji, nami, mtu mzima ninayeuza vitenge mpakani, nikalizoea. Cheka kwanza, halafu turudi kwenye mazungumzo.

Baba alikuwa akiniomba kila siku nimrudishe nyumbani, na daktari amekataa kabisa safari ya milimani. Picha ulizotuma alizitazama mara moja akageuza uso ukutani. Roho iliniuma. Ndipo nikaona nimjengee nyumbani kwenye lile gemu, akae nalo mapajani.

Nyumba haikunisumbua. Kilichonisumbua ni kijito chetu. Mito inayokuja tayari na gemu ni mipana na imenyooka kama mtaro wa barabarani. Ikabidi nijifunze kutumia zana za kujitengenezea mwenyewe: unabonyeza ardhi ishuke kidogo kidogo, unachagua maji yafike kimo gani, kisha unayaacha yajae. Ukikosea kimo yanatapakaa hadi jikoni. Yale maporomoko madogo yaliniumiza kichwa, kwa sababu kila ngazi inataka maji yake, na pale yanapokutana panaonekana kama pamekatwa kwa kisu. Nilipaficha kwa mawe niliyoyageuzageuza mpaka yakakaa kama yale tuliyokuwa tukianikia nguo.

Baba alifufuka. Akawa msimamizi wangu, na mkali kweli. Alinionyesha kwa kidole kwamba jiwe la mama la kufulia lilikuwa upande wa pili, na kwamba kijito kilipinda mapema zaidi. Pale bondeni penye magimbi palikosa magimbi, maana gemu halina, nikachukua ua fulani lenye majani mapana nikalikuza hadi akaridhika. Kitu kimoja tu sikukielewa. Kila tulipomaliza alitaka nigeuze picha tuwe ng'ambo ya kijito, tutazame yale magimbi kutokea kule. Hapo aliyakazia macho muda mrefu, nami nikadhani anapumzika.

Jumapili uliponipigia na kunieleza habari za bwawa, nilifurahi kwa ajili yako. Nikasema nimpe Baba habari hiyo kwa kumwonyesha. Nikang'oa magimbi, nikaibonyeza ardhi ya bonde, nikafungulia maji. Yalipoanza kujaa, Baba aliupiga mkono wangu kwa ule mkono wake mzima. Akalia, Lwitiko. Sijawahi kumwona Baba akilia, hata siku ya mazishi ya mama. Akasema mtoto yuko pale, nimtie maji mtoto kwa nini. Nilidhani akili imepotea, nikayatoa maji yote na kumrudishia magimbi yake, ndipo akatulia.

Kesho yake, tulipomaliza sala ya asubuhi, alinieleza mwenyewe, neno moja moja, na mimi nikiunganisha. Sasa kaa chini, mdogo wangu. Mlizaliwa wawili. Wewe ulitangulia, akafuata msichana, wakamwita Gwalugano. Aliishi hadi mkakaribia kukaa, kisha homa ikamchukua. Mimi nilikuwa kwa bibi nikiwa mdogo mno, sikumbuki lolote.

Unajua wazee wetu walivyofanya. Mtoto ambaye hajaota meno hakupelekwa makaburini wala hakuwekewa matanga. Wanawake walimlaza kwenye udongo wa baridi karibu na maji, na wanaume hawakusogea. Baba hakuruhusiwa kushika jembe. Alisimama ng'ambo ya kijito akatazama. Mama akapanda magimbi juu yake ili pasije pakalimwa, na ndiyo maana hatukuwahi kuyala, nasi tukaambiwa kuna nyoka.

Wewe hukuambiwa kwa sababu ulikuwa umenenepa na mwenzako amekonda, na mama alisikia majirani wakisema umemmaliza nduguyo kwa maziwa. Akaapa kwamba maneno hayo hayatafika masikioni mwako, na Baba akakubali. Amekaa na siri hiyo miaka yote, hata baada ya mama kuondoka. Nimekaa nayo siku mbili tu na tayari imenielemea. Hukumkosea mtu yeyote, Lwitiko. Ulikuwa mtoto anayenyonya.

Bwawa lako silipingi. Nimelijaribu kwenye gemu upande wa juu, nyuma ya migomba, na maji yanafika kwa mfereji mfupi bila kugusa bonde. Baba amelitazama akaitikia kwa kichwa. Njoo ulione mwenyewe, maana naye anakutaka. Anasema anataka akuonyeshe mahali pa kusimama.

Kila asubuhi akiamka, kabla ya chai, ananiuliza kama magimbi bado yapo. Ninawasha laptopu namwonyesha, yapo. Halafu ananiuliza ya nyumbani, nami namwambia nitakuuliza wewe. Nipigie simu ukimaliza kusoma, nimpe Baba aisikie sauti yako.

Nisalimie Roda, na watoto uwabusu wote kwa niaba ya shangazi yao. Mungu awalinde.

Ni mimi dada yako,
Ferista