Bia Iliyonukia Mahindi ya Nyumbani

Kitale,
Jumapili, baada ya ibada

Baba mpendwa,

Bwana asifiwe. Mgongo unaendeleaje tangu uliposhusha yale magunia ya mbolea peke yako? Mama aliniambia umekataa kwenda kuonwa na daktari, eti mgongo wa mkulima hauulizwi. Tafadhali uulize. Na mvua imefika huko Myanga? Huku hunyesha kila alasiri, viatu vyangu havijapata kukauka. Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio haujui ukae wapi.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako hupaza sauti pale dukani kwako hadi wateja hunijibu kabla yako. Barua hii ataileta Nasimiyu, binti wa shangazi, na jibu utampa yeye.

Unakumbuka nilipopata ukarani katika kiwanda hiki kidogo cha bia. Uliikoroga chai hadi ikapoa, kisha ukasema, "Shika kalamu. Usishike glasi." Nikakubali. Sasa sijui kama nimelivunja neno lako au bado. Nitakueleza kama ilivyokuwa.

Mwezi uliopita Madam Njeri, mwenye kiwanda, aliniita chumba cha kuonjea. Yeye ni wa zile familia zilizotoka Kenya ya Kati zikalima Trans Nzoia tangu enzi za wazee wake. Huongea taratibu na hapendi kurudia neno. Mhasibu ambaye huonja alikuwa amelazwa na homa ya matumbo.

"Karani, kaa kiti chake."

"Madam, mimi sinywi. Baba yangu ni mzee wa kanisa."

"Ndiyo maana nakutaka. Ulimi wako haujaharibika. Na hapa hatunywi, tunaonja. Ndoo ya kutemea ndiyo hiyo."

Dereva wetu akacheka. "Karani, hata ukitema, malaika ameshaona bana."

Bia yenyewe ilikuwa mpya, ya kwanza kutungwa na Ndiwa, kijana wa Cheptais, kule juu mlimani, aliyeajiriwa kuipika na ambaye bado anajaribiwa. Alisimama karibu na mlango akifuta mikono ambayo haikuwa na maji. Ilikuwa bia nyepesi ya dhahabu, rangi ya nyasi mpya za kuezekea, ungeweza kuona vidole vyako upande wa pili wa glasi. Dereva akaonja, akasema ni tamu sana, itauza. Nafula wa stoo akasema haoni kosa lolote. Kisha wote wakanigeukia.

Niliinua glasi hadi povu likanigusa pua. Nikanusa. Baba, nilinusa nyumbani. Ilikuwa ile harufu ya mahindi mabichi Mama anapofunua sufuria, mvuke unampiga usoni naye anatufukuza tusijichome. Nikatia kidogo mdomoni. Kulikuwa na uchungu mwembamba, kama wa mboga ya saga iliyolazwa kwenye maziwa. Nikatema. Nadhani nilitema yote. Sina hakika, na jambo hilo linaninyima usingizi.

"Sema," Madam akaniambia.

Nilitaka kumsaidia Ndiwa. Nilimwona anavyoogopa, nami namjua mtu mwoga nikimwona. Nikasema, "Madam, hii ni nzuri sana. Inanukia mahindi ya kuchemsha, kama kwetu kabisa."

Madam akachukua glasi yake, akaifunika kwa kiganja, akaizungusha, akanusa.

"Mahindi," akasema. "Ndiwa, humu uliweka mahindi?"

"Hapana Madam. Ni shayiri tupu."

"Ulifunika sufuria ikichemka?"

Ndiwa akaangalia chini. "Nilifunika. Kwetu juu ni baridi, si kila sufuria hufunikwa?"

Ndipo nilipofundishwa jambo ambalo sikulisoma shuleni. Kimea cha shayiri kikichemka hutoa harufu hiyo, na lazima iondoke na mvuke. Ukifunika, hurudi ndani. Katika bia nyeusi ingeweza kujificha, lakini hii nyepesi ya dhahabu haifichi kitu. Kwa watu wa kazi hii, harufu ile niliyoisifu ni kasoro.

"Hata mimi niliisikia," Nafula akasema.

"Mbona hukusema?"

"Si nilidhani ndiyo utamu yenyewe, Madam."

Bia yote ilimwagwa kwenye mtaro. Askari wa lango alikuja mbio kuuliza ni nani anachemsha mahindi bila kumwita. Watu walicheka. Ndiwa hakucheka. Aliambiwa apike tena, na hiyo ya pili ikiwa na kasoro, arudi kwao. Mimi niliambiwa nimepata kiti cha kudumu katika chumba cha kuonjea.

Baba, jambo hili nimeligeuza kila upande na bado silielewi. Nilisifu, sifa yangu ikawa mashtaka. Waliosifu bila kuitaja harufu hawakumdhuru mtu, na mimi niliyesema kweli kwa nia njema nilimponza mwenzangu. Na harufu ya jikoni kwetu itakuwaje ugonjwa hapa, safari fupi tu kutoka kwetu? Anayekosea ni pua yangu, au ni vitabu vyao?

Ndiwa hakunisalimia tena. Kila nilipomwona akija, niliinama kwenye karatasi zangu kama mtu aliyepoteza sindano. Juzi Ijumaa akaja mpaka mezani pangu. Nilisimama nikaweka kiti katikati yetu.

"Keti, Karani, sikupigi," akasema. "Ile ya pili imeanza kutulia kwa pipa. Nataka uonje wewe."

"Mimi ndiye niliyekuharibia."

"Hao wengine walinisifu. Ungenyamaza ingeenda kwa baa, watu waiteme huko na jina yangu ndani. Wewe sema tu venye unasikia."

"Baba yangu alinikataza."

"Alikataza mwili mzima. Mimi naomba pua na ulimi tu, hiyo ingine yote baki nayo."

Nilicheka, Baba, na katika kucheka nikasema ndiyo. Neno lilinitoka kabla sijalipima. Sasa nina ahadi mbili na mdomo mmoja. Nikishika yako, Ndiwa atahukumiwa na watu wanaosema tamu kwa kila kitu, na Madam hawaamini tena. Nikishika yake, nitakuwa nimeshika glasi kwa hiari yangu, bila kusingizia kuwa nilisukumwa.

Kuonja ni Alhamisi. Nasimiyu anarudi Jumatano. Ukisema hapana, nitamweleza Madam, na Ndiwa nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso. Sitanung'unika.

Lakini kabla hujajibu, nakuomba kitu kimoja. Mama alisema mahindi ya shamba la juu yameshafaa kuchemshwa. Siku atakapoyabandika, usingoje kuletewa kwa sahani. Simama jikoni anapofunua kifuniko, uvute pumzi. Hiyo ndiyo harufu niliyoisikia, na nilisema nilivyoisikia. Ukishaivuta, ndipo umpe Nasimiyu jibu langu.

Nisalimie Mama, na umwambie nakula vizuri. Nisalimie nyanya yetu Kukhu, ambaye najua atauliza kama nimeoa; mwambie bado. Nisalimie kaka Barasa aliyebaki na ng'ombe. Mchungaji naye msalimie, lakini barua usimsomee.

Mwanao, anayekutii hata akichanganyikiwa,

Wekesa