Ungo wa Chagua Ule

S.L.P. 41,
Kibugu.
9 Juni 2024

Mpendwa ndugu yangu Njue,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Joto la Lodwar linakutendeaje, na kifua chako je? Mimi ni mzima, ila magoti hayapendi baridi hii. Majani chai yanachumwa vizuri.

Tangu tumzike kaka yetu Gichovi mwezi wa Machi, sikuwa nimeingia hotelini mwake. Niliogopa kulia mbele ya watu. Jumanne nikajikaza, nikaenda. Sikulia, Njue. Nilichefuka.

Unakumbuka alivyoanza na meza moja na ubao ulioandikwa "Gichovi: Chagua Ule". Wageni walidhani kuna vyakula vingi, kumbe ni githeri tu, mahindi na maharagwe. Yule karani mwenye tai alipoomba menyu, Gichovi alimwekea ungo wa maharagwe mapajani. "Menyu ndiyo hii, bwana. Chagua." Karani akatoa mawe mpaka tai ikajaa vumbi, wachumaji chai wakimcheka. Miaka thelathini kila mteja alichagua maharagwe ya sufuria inayofuata. Watu walisema ana kichaa. Mimi na wewe tu tulijua kwamba macho yake hayakuyaona mawe, na aliona haya kusema.

Sasa mwanao Muchangi, aliyeachiwa hoteli, hachagui chochote. Sahani yangu iliteleza kwa mafuta ya jana. Fukusi walielea kwenye mchuzi. Kijiko cha pili nikauma jiwe. Nilipomwonyesha, akacheka, "Hayo ni madini, Anti, na sijakuongezea bei!"

Ungo wenyewe ameupaka rangi ya dhahabu na kuupigilia ukutani, watu wapigie picha hapo. Nikaung'oa. Hakunizuia.

Jana nilichagulia maharagwe yangu humo, yakatoka yanang'aa rangi. Hata kuku sikuwapa. Nilikaa tu nimeshika pale ungo ulipopasuka zamani, Gichovi akaushona kwa waya.

Mwambie mwanao, maana mimi hanisikii. Hoteli aiendeshe atakavyo, lakini jina la Gichovi alifute kwenye ubao. Mtu aliyeogopa miaka yote hiyo kumlisha mwenzake jiwe, asitajwe kwa uchafu ule.

Wambeti na Mama Ruguru wanakusalimu sana. Mungu akukinge na jua la huko.

Nawe ukiketi kuchagua maharagwe, nikumbuke.

Dada yako anayekupenda,
Rwamba